Jirani Mlalamishi na Soketi ya Gatini

Ugomvi wa marina, yaani bandari ndogo ya kuegeshea boti, na jirani yake una sura ileile karibu kila mahali. Mtu ananunua nyumba inayotazama maji, anakaa mwaka mmoja au miwili, kisha barua zinaanza kwenda kwa wakaguzi wa majengo na matumizi ya ardhi: kelele usiku, taa zinazomulika chumbani, boti mbovu zilizorundikwa hadi kwenye ua, vumbi la rangi, nyaya zinazoning'inia gatini. Marina inajibu kwa maneno manne ambayo kila anayeyasikia huyapenda: sisi tulikuwepo kabla yako. Watu wanacheka, jirani anabandikwa jina la mchokozi, na barua yake inawekwa kando kabla haijasomwa hadi mstari wa mwisho.

Jibu hilo lina ukweli wake. Matumizi ya ardhi yaliyoanza kihalali kabla ya kanuni mpya kutungwa kwa kawaida huachwa yaendelee, na ni haki. Haiwezekani kila kanuni mpya ifunge shughuli za jana. Wapo pia walalamikaji wanaoandika barua kila wiki ili kumchosha mwenye marina auze. Halafu mahali penyewe pana uzito. Katika kesi ya Sturges dhidi ya Bridgman ya mwaka 1879, jaji wa Uingereza alisema kilicho kero Belgrave Square, mtaa wa matajiri wa London, si lazima kiwe kero Bermondsey, ulikokuwa mtaa wa watengeneza ngozi. Anayenunua nyumba kando ya marina hawezi kudai kimya cha makaburini.

Wanaoipenda kauli hiyo ya jaji husahau kusema nani alishinda kesi. Alishinda mgeni. Mtengeneza peremende alikuwa ametwanga kwa vinu vyake zaidi ya miaka 20 bila neno; daktari wa jirani akajenga chumba cha kuonea wagonjwa nyuma ya ukuta uleule, akashitaki, na mahakama ikamzuia mtwangaji. Mwaka 2014, katika kesi ya Coventry dhidi ya Lawrence iliyohusu kelele za mashindano ya magari na pikipiki, Mahakama ya Juu ya Uingereza ilirudia kwamba si utetezi kusema mlalamikaji aliifuata kero mwenyewe. Ilibakiza mwanya kwa pale ambapo mlalamikaji ndiye aliyejenga au kubadili matumizi ya ardhi yake, na ikawataka majaji wawe tayari zaidi kuamuru fidia badala ya kupiga marufuku. Kule Arizona, mwaka 1972, zizi kubwa la kunenepesha ng'ombe liliamriwa kuhama, lakini kampuni iliyojenga nyumba hadi karibu nalo ikatakiwa kulipa gharama za kuhama. Kwa hiyo kutangulia kunahesabika, hasa wakati wa kugawana gharama, ila hakuzibi mdomo wa aliyekuja baadaye.

Na hizo zote ni kesi za kero. Kanuni ya usalama ni jambo jingine kabisa, na ndiyo sababu naitetea barua ya jirani hata pale ninapohisi nia yake si safi. Turudi kwenye ule mstari wa mwisho, wa nyaya za gatini.

Boti inapofunga gatini huchomeka waya kwenye soketi ili kuchaji betri na kuwasha friji. Waya ukichubuka, au ethi (waya wa usalama unaorudisha umeme uliovuja) ikikatika, umeme unaweza kuanza kuvujia majini. Hakuna cheche wala moshi, na taa zinaendelea kuwaka. Kwenye maji ya chumvi umeme huo husambaa kwa urahisi na kwa kawaida humpita mtu pembeni. Kwenye maji baridi ya ziwa au mto, mwili wa mtu una chumvi kuliko maji yanayomzunguka, basi umeme hupita mwilini kama njia ya mkato. Miliampea (sehemu ya elfu ya ampea, kipimo cha mkondo wa umeme) kumi na kitu zinatosha kukaza misuli hadi mwogeleaji mzuri ashindwe kunyanyua mkono. Balbu ya wati 60 kwenye volti 230 hutumia takriban miliampea 260, kwa hiyo tunazungumzia sehemu ndogo tu ya umeme wa taa ya sebuleni. Mwili ukiopolewa mara nyingi hauna alama ya kuungua, na inaandikwa kwamba marehemu alikufa maji. Anayejirusha kumwokoa hukutwa na yaleyale.

Tarehe 4 Julai 2012, siku ya sikukuu, wavulana wawili walipigwa na umeme hivyo kwenye marina ya ziwa Cherokee, jimbo la Tennessee, Marekani, na wote wawili wakafa. Toleo la 2017 la kanuni ya taifa ya umeme ya Marekani likataka umeme wa gati ujikate uvujaji unapofika miliampea 30. Gati lililofungwa nyaya miaka mingi kabla ya hapo linaweza kukaa lilivyo mpaka mtu aulize. Mwenye boti hataki kuuliza, maana anaogopa kupoteza nafasi yake ya kuegesha. Mfanyakazi naye anaogopa kupoteza kazi. Anayebaki ni yule jirani asiyependwa.

Kuhusu kelele, naomba msomaji asimame naye dirishani usiku mmoja wenye upepo. Anachosikia ni henza, kamba za kupandishia tanga, zikigonga milingoti ya alumini, ting, ting, ting, boti thelathini kila moja na mwendo wake. Usiku hewa iliyo juu tu ya maji hupoa, sauti ikapindishwa kurudi chini, ikasafiri mbali kuliko mchana. Dawa yake ni kuivuta henza mbali na mlingoti na kuifunga kwa kipande cha kamba, kazi ya dakika moja. Nimeshangaa mara nyingi jinsi kesi nzima inavyoweza kujengwa juu ya kamba ambayo hakuna aliyetumwa kuifunga.

Boti juu ya magogo na vumbi la rangi ndipo palipo na mvutano wa kweli. Ukarabati wa zamani una kinga. Yadi iliyotanuka taratibu hadi kwenye ua wa mtu kwa kawaida haina, na picha za angani za miaka iliyopita huonyesha mstari ulikuwa wapi. Rangi za kuzuia viumbe kuganda kwenye boti zimetiwa sumu makusudi, mara nyingi shaba, kwa hiyo kupiga msasa bila turubai na bila mashine ya kufyonza vumbi si suala la ujirani mwema tu. Hapa marina ipewe muda, miezi kadhaa hata, kwa sababu kuhamisha boti ambazo wenyewe hawajulikani walipo ni kazi ngumu. Jirani naye akubali kuandika barua moja yenye orodha kamili, badala ya ishirini, na yeye mwenyewe awepo siku mkaguzi anapopita.

Soketi za gatini zisisubiri miezi hiyo. Fundi apite na kipimo soketi moja baada ya nyingine, na ngazi ya waogeleaji ifungwe mpaka arudi na namba zake.