Nitawaamsha Wote, Wake kwa Waume

Kiingereza changu nilikichota kwenye kitabu cha marehemu babu, chenye jalada gumu la kitambaa na harufu ya nondo. Ndani yake watu wote wamevaa kofia, na kila alfajiri mtumishi huja kuwagongea mlango waamke. Kitendo hicho kitabu kinakiita "to knock up". Nikakikariri, nikakiweka akiba. Akiba hiyo ilikaa miaka na miaka, mpaka nilipoteuliwa mratibu wa usafiri kwenye semina ya watu wa mataifa mbalimbali.

Kazi yenyewe haikuwa na ugumu wowote. Basi linaondoka saa kumi na moja alfajiri, nami nihakikishe hakuna anayebaki kitandani. Basi usiku ule, watu wakiwa bado mezani, nikasimama, nikasafisha koo kama waheshimiwa wanavyofanya, nikatangaza: "Ladies and gentlemen, tomorrow I will knock you up, all of you, one by one, before five o'clock."

Uma ziliganda hewani. Dada mmoja alikuwa anakunywa maji. Yalibadili njia yakatokea puani. Mimi nikadhani hawajanisikia vizuri, nikapandisha sauti. Nikafafanua kwamba nitaanzia ghorofa ya juu nikishuka, sitabagua mwanamume wala mwanamke, na mwenye usingizi mzito nitamrudia mpaka kieleweke.

Mzee mmoja wa Kimarekani, mstaafu, kichwa cheupe pe, akanyoosha mkono taratibu kama mwanafunzi. "Even me?"

"You first, sir," nikamjibu kwa heshima zote. "At your age it takes time."

Hapo ukumbi ulipasuka. Watu walilalia meza. Jirani yangu, mtu wa nyumbani, akanivuta shati na kuninong'oneza huku akifuta machozi: "Ndugu yangu, keti. Kwa Wamarekani hiyo ni kumtia mtu mimba. Tena ile ya ajali."

Na kweli, wao wamekuwa wakisema hivyo tangu mwanzoni mwa karne ya 19. Kumbe nilikuwa nimewaahidi watu wazima, wengine wameketi na wenzi wao, kwamba wote watakuwa wajawazito kabla jua halijachomoza, na ratiba nimeipanga kwa ghorofa.

Akainuka Mwingereza mmoja kunitetea, Mungu ambariki. Akasema kwao maneno yangu ni safi kabisa. Akaeleza kwamba enzi za viwanda, saa za kengele zilipokuwa bado ghali, kulikuwa na watu wenye kazi hiyo rasmi, wakiitwa "knocker-up". Alfajiri walipita mitaani na fimbo ndefu, wakigonga madirisha ya ghorofani mpaka mfanyakazi aamke, na kila mteja akiwalipa peni chache kwa wiki. Mashariki mwa London alikuwepo mama mmoja, Mary Smith, aliyeacha fimbo akawa anapuliza njegere kavu kwa mrija zigonge kioo.

Angeishia hapo tungesalimika. Lakini Mwingereza akianza kueleza lugha yake hana breki. Akaongeza kwamba kwao neno hilohilo ni pia kupika chakula cha harakaharaka, ni kuchoka hoi, na kwenye tenisi ni kupasha misuli kabla ya mchezo kuanza. Kisha, kwa uso wa mtu anayetoa ushahidi mahakamani, akasema yeye na jirani yake bwana fulani huwa wana "knock-up" fupi kila Jumamosi asubuhi, halafu ndipo wanaanza mechi yenyewe. Dada wa maji alitoka nje kabisa.

Nikaona niokoe jahazi mwenyewe. Nilitaka kusema kwamba tusichukuliane vibaya, hapa tuko kifamilia. Sentensi nzuri, ya kiutu, imetuliza ugomvi mwingi. Nikaitoa hivi: "Please, my friends, don't be angry. Here we are all in the family way."

Nawe msomaji kama hujui, usijilaumu, hata mimi nilikuwa sijui. "In the family way" ni ujauzito uleule, umevalishwa kanga tu kwa ajili ya adabu. Kwa hiyo tangazo la pili lilisema kazi imeshakamilika, ukumbi mzima.

Baadaye jirani yangu alinipa orodha yote ili nisikanyage tena. "Up the duff" ni mimba. "In the club" ni mimba. Ukijiunga na klabu ya mpira, taja mpira mapema. "Bun in the oven", mkate uko kwenye tanuri, nao ni mimba. Watu hawa wanahitaji maneno mangapi kwa tumbo moja? Ila nisiwacheke sana, maana hata sisi kitenzi chetu "kugonga" kina mambo yake vijiweni, na sitayaeleza hapa kwa sababu mama yangu husoma.

Msimamo wangu ni kwamba Kiingereza changu kilikuwa sahihi. Wenye kasoro ni waliokuwa wanakisikiliza.

Alfajiri nikapanda juu kutekeleza ahadi. Milango ilifunguka kabla sijaifikia, kila mtu amevaa, ana begi, ananipisha kwa mbali. Ukabaki mlango wa yule mzee. Kwenye kitasa ametundika karatasi yenye mwandiko mkubwa: "NO NEED, THANK YOU. ALREADY EXPECTING."

Kwa jinsi kitabu cha babu kilivyonifundisha, "expecting" ni kumtarajia mtu. Nikafurahi kwamba mzee wa watu ananisubiri. Nikakunja ngumi, nikagonga kwa nguvu zote.