Mguu ubaki au utoke? Klipu na pedeli bapa kwenye baiskeli ya mlima

Fundi anayenitengenezea baiskeli hapa Moshi ana kopo la rangi, lile la lita nne, limejaa pedeli ambazo wateja wake hawazitaki. Zimekuja na baiskeli za mtumba. Anayeinunua baiskeli mara nyingi ni kijana wa kubebea mikungu ya ndizi. Akiiangalia ile pedeli ndogo isiyo na pa kukanyagia huuliza, "Sasa hapa naweka mguu wapi?" Fundi anachukua spana namba 15, anafungua ya kulia, anaigeuzia spana ya kushoto kwa sababu nati yake inazunguka kinyume, na baada ya dakika chache pedeli za klipu zimeingia koponi na baiskeli imepata pedeli pana za plastiki.

Kilomita chache juu ya hapo, kwenye njia za Kibosho zinazopita katikati ya migomba, kuna watu wanaotafuta pedeli hizohizo kwa udi na uvumba. Ni kundi letu dogo la Jumamosi. Tumegawanyika nusu kwa nusu, na ubishi wetu haujaisha tangu nijiunge. Nimeendesha na zote mbili kwa miaka kadhaa, na nimefikia mahali pa kuamini kwamba tunabishania jambo ambalo si lenyewe.

Kwa asiyezijua: pedeli bapa ni pana, zina pini fupi za chuma zinazouma soli ya kiatu, na mguu unakaa juu yake bila kufungwa na chochote. Pedeli za klipu zina mdomo wenye springi unaonasa kliti, yaani kipande cha chuma kilichofungwa chini ya kiatu maalumu. Unakanyaga, inalia "ka!", umenaswa. Kutoka unazungusha kisigino kwa nje.

Jina lenyewe lina kichekesho chake. Waendeshaji wa zamani walifunga miguu kwa kikapu cha chuma na mkanda, na kikapu hicho ndicho kilichoitwa klipu. Mwaka 1984 kampuni ya Look ya Ufaransa, iliyokuwa ikitengeneza vifaa vya kufunga viatu kwenye mbao za kutelezea theluji, ilitoa pedeli inayonasa kiatu chenyewe, na mwaka uliofuata Bernard Hinault akashinda Tour de France akiwa nazo. Kwa kuwa kikapu kilikuwa kimeondoka, Kiingereza kikaziita pedeli zisizo na klipu. Sisi tunaziita za klipu kwa sababu ndizo zinazokushika, na nadhani sisi ndio wenye mantiki. Kwa baiskeli za mlima mambo yalibadilika 1990, Shimano walipoleta SPD: kliti ndogo ya bolti mbili iliyozama ndani ya soli, ili mtu akishuka aweze kutembea kama binadamu.

Hoja ya kwanza utakayoisikia kwa watu wa klipu ni nguvu. Wanasema mwenye pedeli bapa anasukuma chini tu, wakati mwenye klipu anasukuma na kuvuta juu, hivyo kila mzunguko unamlipa mara mbili. Inaingia akilini, ila vipimo haviiungi mkono sana. Mwaka 2016 watafiti Straw na Kram wa Chuo Kikuu cha Colorado, Boulder, waliwapima waendeshaji wakiwa na viatu vya kawaida vya kukimbilia juu ya pedeli bapa, kisha wakiwa na viatu vya baiskeli kwenye klipu. Kwa mwendo wa wastani, gharama ya nishati mwilini haikutofautiana. Utafiti mwingine uliowataka waendeshaji wavute juu kwa makusudi ulionyesha kwamba kuvuta kunaongeza matumizi ya nishati kuliko kunavyosaidia. Mguu unaopanda kazi yake ni kutomzuia mwenzake anayeshuka.

Lakini usikimbilie kuwazomea watu wa klipu. Maabara ya Kram ilirudi kwenye swali hili mwaka 2020, safari hii kwa mbio fupi za kutoa kila ulichonacho, na hapo klipu zilitoa nguvu zaidi waziwazi. Kwa hiyo hoja ya nguvu ni ya kweli kwa sekunde kumi za kufa na kupona, na haina uzito kwenye saa mbili za kupanda taratibu kutoka mjini. Wengi wetu Jumamosi hatuna hizo sekunde kumi. Tuna saa mbili, chupa ya maji na chapati mbili mfukoni.

Nguvu ikiwekwa pembeni, linabaki jambo ambalo kwangu ndilo lenyewe: mguu unafanya nini ardhi inapochafuka.

Chukua mteremko wa mawe ya volkano, mawe yaliyochongoka ya ukubwa wa ngumi yaliyotapakaa njiani, unaushuka kwa kasi. Baiskeli inatetemeka na pedeli inapiga unyayo kama nyundo. Ukiwa na pedeli bapa na hujui kushusha visigino, mguu unaanza kuruka, unasogea nusu inchi, tena nusu inchi, na kwenye jiwe la mwisho haupo tena. Hapo klipu ni neema. Mguu unabaki ulipouweka, akili inabaki kwenye njia. Ndiyo maana waendeshaji wa mbio ndefu za mlima, zile za Olimpiki, wote wako kwenye klipu. Adrien Niyonshuti wa Rwanda alipomaliza mbio za baiskeli za mlima kwenye Olimpiki ya London 2012, akiwa wa 39, alikuwa katika mchezo ambao pedeli bapa hazionekani kabisa.

Sasa chukua kona iliyolowa, utelezi wa Aprili, mzizi wa mti umeikata njia kimshazari. Tairi la mbele linateleza. Kinachokuokoa ni mguu wa ndani ya kona kutoka haraka na kugusa ardhi, au angalau kuwa tayari kutoka. Mwenye klipu anaweza kuutoa, ila lazima azungushe kisigino kwanza, na mwili wenye hofu hauzungushi kisigino: unavuta mguu moja kwa moja juu, njia ambayo klipu imetengenezwa isiachie. Muda unaopotea ni mdogo mno kwa saa. Kwa ubongo ni mkubwa, kwa sababu anayejua amefungwa anaingia konani polepole, amekaza mabega, na aliyekaza mabega huanguka hata mahali pasipo na utelezi.

Kama unataka ushahidi kutoka juu kabisa, mbio za kushuka mlima zina watu wawili wanaofaa kuwekwa pamoja. Sam Hill wa Australia aliendesha na pedeli bapa wakati karibu wapinzani wake wote walikuwa na klipu, akawa bingwa wa dunia 2006, 2007 na 2010. Baadaye alihamia mbio za enduro, ambazo zina kupanda kwingi na ambako watu walidhani pedeli bapa zingemwangusha, akatwaa ubingwa wa jumla mara tatu mfululizo, 2017 hadi 2019. Greg Minnaar wa Afrika Kusini ni mtu wa klipu: mataji manne ya dunia, likiwemo la 2013 alilolichukua nyumbani kwao Pietermaritzburg. Kila upande unamchukua wake na kumwinua kama bendera. Mimi nikiwatazama wote wawili naona kwamba pedeli haikumpa yeyote kati yao taji. Kila mmoja alichagua ile inayomwondolea hofu, kisha akafanya kazi.

Tukirudi huku kwetu, kuna mambo ambayo magazeti ya Ulaya hayayaandiki, na ndiyo yanayoamua zaidi.

La kwanza ni viatu. Pedeli za klipu zenyewe unaweza kuzipata kwenye kopo la fundi kwa bei ya soda mbili tatu. Viatu ndivyo shughuli. Ukibahatika utavikuta kwenye mitumba ya Memorial, soko la hapa Moshi, vimechanganywa na raba za mpira, muuzaji mwenyewe akishangaa matundu mawili yaliyo chini yake ni ya nini. Kliti nazo huisha. Ni chuma, ukitembelea mawe zinalika, na zikilika zinaanza kuachia mguu zenyewe au, vibaya zaidi, kugoma kuuachia. Nilisubiri kliti mpya miezi miwili mpaka zilipoletwa na mgeni aliyekuwa anakuja kupanda mlima. Pini za pedeli bapa zikipotea, fundi anakata bolti ndogo na maisha yanaendelea.

Hata hivyo pedeli bapa nazo zinadai kiatu, jambo ambalo watetezi wake hupenda kulisahau. Kampuni ya Five Ten ilijipatia jina kwa kuweka chini ya viatu vya baiskeli mpira uleule wa kunata wa viatu vya kukwea miamba, na anayevivaa kwa mara ya kwanza anadhani amepakwa gundi. Mtu anayelalamika kwamba pedeli bapa zinateleza, mara nyingi amevaa raba ya kukimbilia yenye soli laini na nene. Soli bapa, ngumu kiasi, isiyo na meno marefu, inatosha kabisa, na hiyo Memorial ipo tele. Ila tafadhali, usiendeshe na ndala. Pini hazina huruma.

La pili ni kutembea. Njia zetu hazikuchongwa kwa ajili ya baiskeli. Zilichongwa na miguu ya watu waendao shambani na sokoni. Unashuka kuvuka mfereji, unashuka kumpisha mama mwenye mzigo wa majani kichwani, unashuka kwa sababu njia imekuwa ngazi. Kwenye njia ya Kilema, ambayo baiskeli huitumia kupanda Kilimanjaro kuelekea kambi ya Horombo kwenye mita 3,720, unaisukuma baiskeli sana. Kliti juu ya jiwe lililolowa ni sawa na kutembea juu ya barafu, na soli ngumu ya kiatu cha klipu haipindi unapopanda.

La tatu ni tope. Masika yakikolea, udongo mwekundu wa huku juu unashika kama ugali. Mdomo wa SPD ukijaa tope haufungi. Unapiga, unapiga, mwisho unaendesha ukiwa umekanyaga kitu kidogo chenye utelezi, hasara tupu. Zipo aina zilizo wazi zaidi, kama zile za Crankbrothers zinazofanana na kifaa cha kukorogea mayai, ambazo tope hupenya na kutoka. Zinasaidia. Haziponyi.

Maumivu yapo pande zote mbili. Mimi nina kovu kwenye muundi wa kulia, pini tano zilizojipanga kama alama za chanjo, kumbukumbu ya siku mguu ulipoteleza na pedeli ikageuka. Klipu nazo ziliniangusha nikiwa nimesimama, mwendo sifuri, mbele ya kibanda cha mama muuza mbege. Nilisimama kumpisha punda, nikasahau. Nililala ubavu taratibu kama mti uliokatwa. Mama aliniambia, "Pole, baba," kisha nikamsikia akiuliza ndani, "Kwani wamemfunga?" Kila anayeanza klipu anaanguka hivyo, na ni heri iwe kwenye nyasi. Lililo zito zaidi ni magoti: kliti ikifungwa kwa pembe isiyo yako, goti linazungushwa maelfu ya mara kwa njia lisiyoitaka, na utalijua baada ya wiki mbili. Kliti zenye kuruhusu mguu kucheza nyuzi kadhaa hupunguza tatizo, na zile za Shimano za SH56, zinazoachia kwa pembe zaidi ya moja, ndizo ningempa anayeanza kuliko SH51 zilizozoeleka.

Kuna hoja moja ya watu wa pedeli bapa ninayoikubali bila masharti. Ukitaka kuruka gogo ukiwa na klipu, unavuta miguu juu na baiskeli inakuja, hata kama hujui unachofanya. Ukiwa na pedeli bapa lazima ujifunze: ubonyee, uvute usukani, uelekeze vidole chini na kuisukuma pedeli nyuma na juu ili gurudumu la nyuma lifuate. Inachosha na inaaibisha kwa mwezi mzima. Lakini aliyejifunza hivyo akihamia klipu anabaki na ujuzi wake, na aliyeanzia klipu akihamia pedeli bapa anagundua kwamba miaka yote alikuwa anabebwa.

Kwa hiyo mimi nina zamu. Kuanzia Machi hadi Mei, pedeli bapa. Njia nisiyoijua, pedeli bapa. Vumbi likitimka na kama kuna mbio ndefu ambayo sitashuka kila dakika, nafunga klipu, nimelegeza springi kwa spana ndogo ya pembe sita mpaka karibu na mwisho, na sioni haya kwamba nimelegeza. Kama ningelazimishwa kubaki na jozi moja mwaka mzima huku milimani, ningebaki na bapa.

Kwenye kundi letu kuna kijana mmoja, mwepesi kuliko sisi sote kupanda, aliyeona video za mabingwa na sasa hasikii la mtu: anataka klipu. Nilimwambia asubiri mpaka aweze kuruka mfereji wa pale juu bila kushuka. Akaenda kwa fundi kimyakimya, akachagua jozi nzuri koponi, akalipa. Viatu pekee alivyovipata Memorial ni namba 43, na yeye anavaa 41.