"Tumesikia kwa wazee wetu"

Makala ya televisheni kuhusu Kilwa Kisiwani haikosi mambo matatu: droni ikipanda juu ya magofu ya Husuni Kubwa, ngoma ambayo hatuambiwi ni ya nani, na mzee mwenye kofia akieleza jinsi kisiwa kilivyonunuliwa kwa nguo. Hadithi yenyewe ni tamu. Ali bin al-Hassan, mwana wa sultani wa Shiraz huko Uajemi, alifika kwa jahazi akakubaliana na mwenye kisiwa ampe vitambaa vya kutosha kukizunguka kisiwa chote. Vitambaa vikatandazwa, mwenyeji akahamia bara.

Moja ya makala hizo nimeitazama mara mbili. Mzee anaanza: "Sisi tumesikia kwa wazee wetu kwamba..." Hajamaliza, sauti ya msimulizi inamdandia, nzito na yenye uhakika, na alichokitoa kama habari ya kupokea kinageuka tukio lililoshuhudiwa. Tangu hapo kila makala nikiitazama natega sikio palepale.

Wanaozitetea makala hizi wana hoja nzito. Shuleni tulikariri kwamba msafiri Ibn Battuta alipita Kilwa mwaka 1331, Wareno wakaishambulia 1505, na UNESCO ikayaingiza magofu kwenye urithi wa dunia 1981. Lakini ni wangapi wamewahi kusimama chini ya kuba za ule msikiti mkuu? Televisheni inakupeleka bila nauli. Halafu kuna lugha: mzee anaongea Kiswahili cha kusini kwa lafudhi yake, kitu ambacho kitabu hakiwezi kukupa.

Tena tumechelewa mno. Zanzibar ilipata televisheni 1973, Tanzania Bara ikasubiri hadi 1994. Waliopigana vita vya Majimaji mwaka 1905 hadi 1907 walikuwa wameshaondoka. Tulichookoa cha vinywani mwao tunawashukuru zaidi wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, waliozunguka vijijini mwishoni mwa miaka ya 1960 wakiwahoji wazee na kuandika masimulizi yao. Kwa hiyo anayesema afadhali makala mbovu kuliko kimya, simpingi haraka.

Ila ubovu huu una gharama, na Kilwa ndiyo mfano mzuri. Kwa miaka mingi wasomi wengi waliichukulia hadithi ya Washirazi kama majigambo ya watu wa mjini waliotaka kujitafutia asili ya mbali. Walikuwa na sababu: vyungu, makazi na lugha yenyewe, ambayo ni ya Kibantu, vinaonyesha miji iliyoota hapahapa. Kisha mwaka 2023 jarida la Nature likachapisha utafiti wa vinasaba vya watu 80 wa kale, wengi wao wa miji ya pwani. Ukaonyesha kwamba kuanzia yapata mwaka 1000 wanaume wenye asili ya Uajemi walizaa na wanawake wa Kiafrika. Upande wa akina mama, karibu wote ni wa hapa.

Basi wazee walikuwa na chao, na wasomi nao walikuwa na chao. Vinasaba havijathibitisha kitambaa hata kimoja, lakini haviruhusu tena mtu kuicheka hadithi. Na mzee wa kwenye makala, kwa lile neno lake "tumesikia", alikuwa mwangalifu kuliko msimulizi na kuliko baadhi ya maprofesa. Alijua anabeba amana, hatoi ushahidi wa macho.

Mhariri atakwambia mtazamaji hataki mashaka, atabadilisha chaneli. Hapo sikubaliani naye. Watu haohao hukaa barazani saa nzima wakibishana nani alikuwa babu wa nani, na ubishi ndio unaowakalisha. Wangeonyeshwa mzee, kisha mwanaakiolojia ameshika kigae cha chungu, kisha mzee tena akimjibu, sidhani kama kuna mkono ungekimbilia rimoti.

Makala niliyoitazama ilikuwa ya nusu saa. Mzee alipewa kama dakika mbili, na katika hizo sauti yake mwenyewe ilisikika kwa sentensi nne. Droni ilipewa zaidi.