Kiwanja Hakiuzwi, Sawa. Basi Kilimwe

Pita Goba, pita Mbweni, vuka hadi Kigamboni, humu humu Dar es Salaam: ukuta umezungushwa, geti lina mnyororo, rangi nyekundu inasema "Hapauzwi". Ndani nyasi zinafika kiunoni. Huku bonde la Msimbazi watu wanamwagilia mchicha kwa maji ya mto uliobeba uchafu wa jiji, kwa kuwa hawana pengine pa kulima. Inaniuma, maana mafungu hayo tunayala sisi. Basi wenye viwanja vilivyolala wawaruhusu hao wakulima walime humo.

Wenye viwanja wana hofu moja: nikimkaribisha mtu, kesho atasema ni pake. Nakubali, hofu hiyo ina msingi. Sheria ya ukomo inampa mwenye ardhi miaka 12 tu ya kwenda mahakamani kuidai. Lakini mkaribishwa si mvamizi. Aliyeingia kwa ruhusa yako hawezi kuigeuza ruhusa hiyo kuwa umiliki. Shida huja pale ruhusa ilipotolewa kwa mdomo na shahidi hayupo. Kwa hiyo andikeni. Karatasi moja inatosha: namba ya kiwanja, majina, tarehe ya kuanza na ya kuisha, sentensi inayosema ameruhusiwa kulima tu, saini za mashahidi wawili, nakala kwa mwenyekiti wa mtaa. Iwe ya mwaka mmoja, na kila mwaka muandikiane upya. Notisi iwe miezi mitatu, bamia zilizo shambani ziishe kuvunwa. Migomba, minazi na miembe marufuku kabisa, kwa sababu ugomvi wa fidia huanzia kwenye shina moja siku tofali zinaposhushwa.

Maji ndiyo huvunja urafiki. Fungeni mita ndogo kwenye bomba la bustani, muisome pamoja kila mwisho wa mwezi. Kama ni kisima, yaonjeni kwanza. Dar visima vingi vina chumvi, na kingo za majani huungua.

Tuta lisizidi upana wa mita 1, mkono ufike katikati bila kulikanyaga. Samadi iwe imeoza: mbichi huunguza miche na kuleta magugu. Mbegu za mchicha zichanganywe na mchanga mkavu, la sivyo zinarundikana na miche inarefuka bila majani. Wiki ya nne mnang'oa.

Kodi? Mwaka wa kwanza mkulima asitozwe. Kufyeka peke yake ni malipo. Ila akianza kusimamisha kibanda cha kulala, mkataba uishe siku hiyohiyo.