Mkasi wa tabibu, soksi za Kagera

Kibanda umiza kimoja cha Mabatini, hapa Mwanza, kilionyesha Band of Brothers wikiendi mbili mfululizo, sehemu zote 10. Nilikaa nyuma karibu na mlango, na kilichonirudisha wikiendi ya pili ni ubishi wa watazamaji. Kwa asiyeifahamu, ni tamthilia ya Marekani iliyoanza kurushwa na HBO Septemba 2001. Inafuata kombania moja ya askari wa miamvuli, iliyoitwa Easy, tangu mafunzoni hadi Vita vya Pili vya Dunia vinakwisha mwaka 1945. Watu wake waliishi kweli, na sehemu nyingi zinaanza na wazee walionusurika wakisimulia wenyewe.

Lalamiko la kwanza lilikuwa hili: steringi ni nani? Mtazamaji wa kibanda umiza amekulia kwenye sheria moja, steringi hafi. Hapa wote wamevaa kofia za chuma, nyuso zimejaa matope, na uliyeanza kumzoea anapigwa risasi kabla hujashika jina lake. Safari hii hakukuwa hata na DJ wa kututafsiria. Vijana wengi walisema inachosha.

Ubishi ulikolea sehemu ya sita, Bastogne, Ubelgiji, Desemba 1944. Kombania imezingirwa, inakaa kwenye mahandaki yenye theluji bila makoti ya baridi. Tabibu wao, Eugene Roe, anahangaika handaki kwa handaki akiomba mkasi na mofini. "Yaani muda wote huu mtu anatafuta mkasi!" alilalamika kijana mmoja wa bodaboda, akatoka nje kununua karanga.

Mzee mmoja wa mtaani kwetu, aliyepigana Vita vya Kagera, alikuwa amekaa benchi la mbele na hakutikisika. Tulipotoka nilimwamkia, nikamuuliza ameionaje. "Mwanangu, yule kijana hajui. Sisi kilichotutesa ni mvua. Kuna siku ningempa mtu mshahara wangu anipe soksi kavu." Akavua kandambili ya kulia, akanionyesha kidole gumba kisicho na kucha. Iliondoka ndani ya buti, akasema, wala haikuota tena vizuri.

Kwangu mimi hapo ndipo tamthilia hii inapopata heshima yake. Sinema nyingi za vita zina risasi zisizokwisha, na hakuna anayekosa soksi. Lakini simlaumu kijana wa bodaboda. Amelipa kiingilio, na waandishi wamemtaka avumilie sehemu mbili tatu kabla ya kujua nani ni nani. Si kila aliyechoka ni mtu asiyefikiri.

Jambo la pili ni zito zaidi. Sehemu ya tatu inamhusu askari Albert Blithe, anayepatwa na hofu hadi macho yanakataa kuona. Anapona, baadaye anapigwa risasi, na maandishi ya mwisho yanatuambia hakupona jeraha lile, akafa mwaka 1948. Si kweli. Blithe alipona, akaendelea na jeshi, akapigana Korea, akafa mwaka 1967. Wenzake wa kombania walikuwa wameamini amekwisha kufa, na tamthilia ikaupokea uvumi wao kama habari iliyothibitishwa.

Wanaoitetea husema kosa moja ndani ya kazi ndefu hivyo ni dogo, na kwamba hofu ya Blithe imeonyeshwa kwa ukweli ambao tarehe haiwezi kuuharibu. Nakubali nusu. Kile kipande anachokaa gizani akijaribu kuona kinaeleza woga wa vitani kuliko hotuba yoyote. Lakini mtazamaji aliyeiona bila kuuliza amebaki na mtu aliyevunjwa na vita moja kwa moja, wakati Blithe mwenyewe alisimama tena. Wamemnyang'anya maisha ya karibu miaka 20. Ukishatumia jina halisi la mtu, una deni kwake.

Kulikuwa na swali la tatu, la binti mmoja mwanafunzi: mbona Waafrika hawamo? Swali ni la haki. Desemba ile ile ya Bastogne, askari wa keya (King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza) kutoka kwetu, ndani ya Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, walikuwa Burma wakivuka mto Chindwin. Lakini hadithi ya kombania moja iliyopigana Ulaya haiwezi kubeba kila jeshi. Wa kuulizwa kuhusu keya ni sisi.

Kuhusu Kagera ndiyo tuulizwe zaidi. Jeshi la Idi Amin liliingia Oktoba 1978, Kampala ikaanguka Aprili 11, 1979, na waliokuwa vijana wakati ule sasa ni wazee wanaopungua kila mwaka. Wapo wanaosema tusiharakishe: vidonda vya familia bado vibichi, na Waganda ni majirani zetu. Hoja hiyo naiheshimu, ila muda unakwenda, na atakayekuja kuandika bila wazee hawa ataandika kama walivyomwandika Blithe.

Chukua mfano wa hapahapa. Mwaka 1979 ndege ya Libya, iliyokuwa upande wa Amin, ilikuja kuishambulia Mwanza. Ilikosa shabaha, mashambulizi yakaangukia kisiwa cha Saanane na kuua swala kadhaa. Mwandishi wa tamthilia atatamani nyumba ziungue na akina mama wakimbie na watoto mgongoni. Mimi ningetaka swala wabaki swala, maana hofu ya mji uliotazama juu bila kujua kama ndege itarudi inatosha kabisa kuwa hadithi.

Siku chache baadaye nilimuuliza mzee kama angekubali kukaa mbele ya kamera kama wale wazee wa Marekani. Alikaa kimya kidogo, kisha akataka kujua kama wangempa muda wa kutosha kutaja majina yote ya wenzake waliozikwa Kaboya.