Kioo Kikigandamizwa: Ni Kioo Kingine au Ni Kilekile?

Kioo cha silika safi, yaani cha silikoni na oksijeni pekee, kina densiti ya gramu 2.20 kwa sentimita ya ujazo. Kigandamize kwa gigapaskali 8, yaani takriban mara 80,000 ya shinikizo la hewa, kisha kiachie: kitarudi kama kilivyokuwa. Kifikishe gigapaskali 25, na hata ukikiachia densiti yake itabaki juu kwa karibu asilimia 20. Ukiongeza shinikizo zaidi ya hapo, ongezeko hilo la kudumu halisogei tena.

Ukomo huo ndio silaha kuu ya wanaosema imezaliwa aina mpya ya kioo. Hoja yao ina uzito, ila inachanganya mabadiliko mawili.

La kwanza ni la mpangilio. Kila silikoni inabaki na oksijeni zake nne, lakini pembe kati ya silikoni, oksijeni na silikoni inabanwa na pete kubwa za atomu zinavunjika kuwa ndogo. Kwenye spektra ya Raman, yaani mwanga wa leza uliotawanywa na atomu zinazotetemeka, mstari wa 606 kwa sentimita, ambao ni alama ya pete zenye silikoni tatu, unapanda. Alama hii hudumu. La pili huanza baadaye: majirani wa silikoni huongezeka kutoka wanne hadi sita, wakikamilika karibu na gigapaskali 40 hadi 50. Njiani wapo wenye watano, wala hakuna mruko. Shinikizo likiondolewa, silikoni hurudi kwenye wanne.

Vipimo navyo hupotosha. Sampuli hukaa kwenye tundu dogo la bamba la chuma kati ya almasi mbili, pamoja na chembe ya rubi ya kupimia shinikizo. Tundu hujazwa kitu cha kusambaza shinikizo pande zote. Ukijaza heli, atomu zake hupenya kwenye matundu ya silika, kioo kikaonekana kigumu kuliko kilivyo. Mchanganyiko wa methanoli na ethanoli, 4 kwa 1, haupenyi, lakini karibu na gigapaskali 10 huganda. Hapo sampuli husukumwa upande mmoja zaidi ya mwingine, na msukumo huo huharakisha mabadiliko ya kudumu.

Kwangu mimi, katika joto la kawaida hoja kwamba kioo kilekile hubadilika polepole ndiyo yenye nguvu. Kioo kilichogandamizwa kikiwa moto hufikia densiti ileile kwa shinikizo dogo zaidi, lakini mpangilio wake wa ndani ni nadhifu kuliko wa kile kilichobanwa baridi. Kwa hiyo densiti pekee haitoshi kutambulisha "kioo kipya". Wanaokitetea watuoneshe aina zote mbili, ya zamani na mpya, zikiwa pamoja ndani ya sampuli moja, ikiwa bado moto na bado imebanwa.