Kabla mikaratusi haijaangushwa Karura, tuonyesheni ramani

Naunga mkono hoja ya makala yenu kwamba mikaratusi ya msitu wa Karura, jijini Nairobi, iondolewe hatua kwa hatua na nafasi yake ichukuliwe na miti ya asili. Mikaratusi hunywa maji mengi, na muhugu na mugumo ndiyo wenyeji wa pale. Lakini makala kutuambia tu "toeni maoni" kuhusu mradi huo hakutoshi. Ripoti za miradi hii huwa kurasa mamia, za Kiingereza kitupu. Mama anayeokota kuni pale Huruma, mtaa ulio kando ya msitu, atasoma nini? Bandikeni muhtasari wa Kiswahili kwenye kila lango, pamoja na ramani: eneo gani linakatwa, lini, mbao zinauzwa kwa nani, na nani atamwagilia miche kiangazi kikija. Hilo la miche ndilo linaloniuma zaidi, maana nimeona mingi ikipandwa mbele ya kamera kisha ikakauka.

Kifungu cha 69 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinaitaka serikali ihimize wananchi kushiriki katika kutunza mazingira. Na Januari 1999 mwanaharakati wa mazingira Wangari Maathai alipigwa hadi akajeruhiwa kichwani akiutetea msitu huu huu. Wakulima wa jirani, waendesha baiskeli, wazee wa mtaa, andikeni maoni yenu mapema, nami yangu napeleka wiki hii.